UZI: Tuko watano na Land Cruiser moja ya zamani, tunajiandaa na mbio za jangwani kutokea Kampala

Vumbi_la_Moroto

Wakuu habari za jioni. Nafungua uzi huu kwa sababu nimetafuta kwa Kiswahili maandishi ya mtu anayejiandaa na mbio za magari za jangwani kutokea huku kwetu Uganda sijayapata. Ya rali yapo mengi, Pearl of Africa kila mtu anaijua, lakini jangwa hapana, nikasema basi acha tuandike ya kwetu hatua kwa hatua ili wenye ujuzi watusahihishe mapema kabla hatujaumia.

Tuko watano. Mimi ndo dereva, kazi yangu ya kila siku ni lori la mizigo Kampala hadi Arua. Kuna dada yetu wa Soroti, ni mpima ardhi, huyo ndo msoma njia atakayekaa kushoto kwangu. Kuna fundi wa injini mwenye banda Ndeeba, kuna kijana wa kuchomelea wa Katwe aliyejiunga juzi juzi, na kuna mzee wetu wa Bombo aliyezunguka na malori miaka mingi hadi Juba na Lodwar, huyo ndo mkuu wa gari la msaada na porini yeye ndo anayeamua tunalala wapi na tunakunywa nini. Mdhamini hatuna, kila mwisho wa mwezi tunachanga, mwezi mwingine zinatosha mafuta tu na tunashukuru.

Gari ni Land Cruiser pikapu HZJ75, injini 1HZ ya dizeli, silinda 6, cc 4164, haina turbo haina kompyuta. Springi za majani mbele na nyuma, ekseli nzima mbele na nyuma. Tulilipata hapa hapa nchini, maana tangu 2018 sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15 toka litengenezwe, kwa hiyo hizi za zamani ni za kuwinda mikononi mwa watu, na mwenye nayo nzuri haiachii kirahisi. Letu lilikuwa la shirika fulani, limepiga kazi Karamoja miaka mingi na bodi yake inaonyesha.

Tunakolenga ni Botswana, Toyota 1000 Desert Race, ile ya Kalahari ya kama kilomita 1000. Mwaka wa kwanza tunakwenda kutazama na kujifunza, kujiandikisha ni baadaye. Dakar sote tunaipenda lakini tangu 2020 iko Saudi Arabia na kule gari linakwenda kwa meli, wakati Botswana tunafika kwa magurudumu yetu wenyewe, unatoka Mutukula unaikata Tanzania mpaka Tunduma, unaimaliza Zambia, unavuka Zambezi kwa lile daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, zamani hapo ilikuwa ni kungoja pantoni. Ni zaidi ya kilomita 3500 za kwenda peke yake na tunazihesabu kuwa sehemu ya mazoezi.

Na kuna sababu ya moyoni. Shekhar Mehta alizaliwa hapa Uganda 1945. Familia yake iliondoka 1972 na Waasia wengine, akahamia Kenya, akashinda Safari Rally mara tano, 1973 halafu minne mfululizo 1979 mpaka 1982. Watu wengi wanaishia hapo kwenye hadithi yake. Kilichomtoa kwenye usukani ni jangwa, ajali ya Pharaohs Rally kule Misri 1987, hakurudi tena kuendesha kwa ushindani. Mimi kila nikikumbuka hilo natamani gari lenye namba za Uganda lifike kwenye mchanga na lirudi nyumbani na watu wake wote wazima. Ndo hilo tu.

Njaa_ya_Rali

Hongereni sana kaka, niko Mbale na rali naifatilia tangu nikiwa shule. Ila nikwambie ukweli, 1HZ bila turbo nguvu ni ndogo, farasi kama 130 kwa gari la karibu tani mbili, mchanga laini utawameza. Pesa ya kwanza ingeenda kwenye turbo, mengine yafuate.

Fundi_wa_Ndeeba

Mimi ndo fundi wa hii timu na swali hili nimeulizwa hata na dereva wangu mwenyewe. 1HZ inawashia mafuta kwenye chemba ndogo iliyo kwenye kichwa cha injini, moto ndo unatoka pale kwenda kusukuma pistoni. Ukiiongezea hewa na mafuta bila kuangalia joto la ekzosi, kichwa kinapasuka. Nimevifungua vichwa vya namna hiyo kwa mikono hii, ufa unakaa pale pale kati ya valvu na mdomo wa chemba, mwembamba kama unywele, na mwenye gari anakuja na malalamiko ya rejeta kumwaga maji tu. Sasa kwenye rali unakanyaga dakika 10 au 20 unapumzika. Mchangani unashikilia mzigo saa nzima gia ya pili, upepo wa kupoza ni kidogo, jua linachoma. Kwa injini hii mimi turbo sifungi.

Vumbi_la_Moroto

@Njaa_ya_Rali asante ndugu, na mimi nilikuwa upande wako kabisa mpaka nikaanza kusoma historia ya hii michezo. Mwaka 1967 kule Mexico mbio ya kwanza ya Baja, kutoka Tijuana hadi La Paz, walioshinda ni Vic Wilson na Ted Mangels na kibagi cha Meyers Manx, kile chenye injini ya nyuma ya Volkswagen ya kawaida, saa 27 na dakika 38. Na mpaka leo Baja 1000 ina daraja la kobe za Volkswagen zilizoachwa karibu kama zilivyotoka kiwandani, watu wanazipeleka jangwani na wengine wanamaliza. Nguvu ya kobe, yaani ile Beetle, unaijua mwenyewe.

Kinachotufaa sisi wenye nguvu ndogo ni upepo wa matairi. Lami tunatembea na psi 35. Mchangani tunashuka hadi 16 na tairi linalala, linakuwa refu kwenye nyayo, gari linaelea badala ya kuchimba. Chini ya 12 hatushuki kwa sababu ringi zetu ni za kawaida, ukikata kona kwa nguvu tairi linavuka ukingo wa ringi na hapo umeanza kazi nyingine ya jeki. Kwa hiyo kompresa kwetu imekuja kabla ya vitu vingi, maana kushusha upepo ni dakika moja lakini ukifika kwenye mawe lazima urudishe, usiporudisha unapasua ubavu wa tairi.

Vumbi_la_Moroto

Sasa naingia kwenye jambo lililotugombanisha wiki tatu na bado halijaisha, nahitaji mawazo yenu.

Keji. Ile fremu ya mabomba ndani ya kebini ya kulinda watu gari likibingirika. Yetu tuliitengenezesha karakana moja hapa mjini kabla kijana wa Katwe hajaingia timu. Ilikuwa imependeza kweli, rangi nyeusi, kona zimekaa vizuri, tulipiga nayo picha tukatuma kwa kila mtu. Kijana akaja siku ya kwanza, akaingia ndani ya kebini hakusema kitu, akagonga bomba kwa spana akasikiliza, halafu akachukua tupa akakwangua rangi karibu na mguu wa nyuma. Ikatoka nyeupe inang'aa. Zinki. Akaniita, akaniambia kaka weka kidole ndani ya ncha pale palipokatwa. Nikaweka. Nikausikia mshono, mstari mmoja umeinuka ndani urefu wote wa bomba kama kovu la kisu.

Ni bomba la maji jamani. Limekunjwa kutoka bati, likaunganishwa kwa mshono, likapakwa zinki lisiote kutu. Likipigwa kwa nguvu linafunguka pale pale kwenye mshono, na pale lilipochomelewa juu ya zinki kiungo chenyewe hakijashika sawasawa, kijana alitupiga tochi tukaona vishimo vishimo kama vya mkate.

Kanuni za FIA, shirikisho la dunia la michezo ya magari, kipengele cha 253 zimeandika wazi. Bomba la chuma cha kaboni lililovutwa baridi lisilo na mshono, upinde mkuu milimita 45 kwa unene wa 2.5 au milimita 50 kwa unene wa 2. Kila mguu wa upinde huo unakaa juu ya bamba la unene usiopungua milimita 3 na eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, na bolti tatu za M8 za daraja la 8.8 au zaidi. Yetu miguu ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye bati la sakafu, na bati lenyewe la gari la miaka yote hiyo, chini lina kutu.

Ugomvi ni huu. Tukiikata hela yote iliyoingia imepotea, na bomba la kweli linaagizwa, maana yake safari ya Botswana mwaka huu hakuna hata ya kutazama. Wawili kati yetu wanasema tuiongezee tu mabomba mengine ya kuitia nguvu, mbio zenyewe bado, tutabadilisha baadaye. Mimi nasema tukate. Najua nikisema hivyo nawaumiza watu waliochanga kwa shida, mmoja aliuza pikipiki. Lakini huyo dada wa Soroti ana watoto wawili na anakaa kushoto kwangu. Mimi ndo nashika usukani, nikikosea mimi yeye ndo analipa.

Mkaka_wa_Marsabit

Salamu toka Kenya. Keji kateni, hakuna mjadala hapo. Kuiongezea bomba baya bomba jingine baya ni kuongeza uzito juu ya gari, na uzito wa juu ndo unaolifanya libingirike kirahisi zaidi.

Pia nashauri mazoezi msiende Botswana kabla hamjaliona jangwa la karibu. Chalbi liko huku kwetu, Kalacha, Maikona, North Horr, mnafika. Ila mlijue, Chalbi si milima ya mchanga kama ya kwenye televisheni, ni uwanda wa chumvi. Juu kuna ganda gumu jeupe unaweza kuteleza nalo hata kilomita 100 kwa saa, halafu mahali ambapo mvua ilisimama ganda ni jembamba na chini kuna tope. Gari linakatika hapo linakaa mpaka kwenye chesisi, na hakuna mti wa kufungia winchi kwa kilomita nyingi. Angalia rangi, palipoiva kuwa hudhurungi usipite, fata alama za matairi za watu wa huku. Na ukimkuta mtu na ngamia simama umsalimie umuulize njia, hayo mambo yeye anayajua kuliko ramani yoyote.

Mzee_wa_Bombo

Wanangu mimi kuandika ni shida nimesaidiwa na mjukuu. Hilo la keji niliwaambia kikaoni narudia hapa wasome wote. Mwaka niliopinduka na lori njia ya Lodwar tulikuwa watatu kebini. Paa lilishuka mpaka kwenye usukani. Mimi nilipona kwa sababu nilikuwa nimelala chini miguuni pa utingo, dereva mwenzangu hakupona. Sitapanda gari la msaada kufuata gari lenye bomba la maji. Mkitaka kwenda nalo nendeni, mimi nabaki.

Vumbi_la_Moroto

Baada ya ujumbe wa mzee hakuna aliyebisha tena. Jumamosi tumeikata. Kijana wa Katwe alishika grainda kuanzia saa mbili asubuhi, na yule mwenzetu aliyeuza pikipiki ndo aliyekuwa anapokea vipande anavipanga ukutani, sikumwambia kitu nikaenda tu nikasaidiana naye.

Kipande cha upinde mkuu tulikiweka kwenye vaisi tukakipiga nyundo kubwa mara nne. Kilifunguka kwenye mshono kama ganda la ndizi. Nimekitundika bandani.

Wakati tunangoja bomba la kuagiza hatukai bure. Tumekubaliana kwenda Karamoja kujifunza mchanga kwa mwendo wa pole tu, si zaidi ya 40, helmeti kichwani, hakuna mashindano.

Njaa_ya_Rali

Mmefanya jambo la kiume kaka. Karamoja mnaenda upande gani? Na usalama je, ng'ombe, wanajeshi, mmejipangaje?

Vumbi_la_Moroto

Tumerudi jana usiku, nimechoka lakini acha niandike kabla sijasahau.

Tulipita Mbale, Nakapiripirit, tukalala Moroto. Tulichagua kiangazi makusudi, udongo mweusi wa kule ukinyeshewa hutoki. Asubuhi kabla ya kugusa kitu tulikwenda kwa mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, halafu kwa afande wa kambi ya karibu, tukaeleza sisi ni nani na tutakuwa wapi mpaka saa ngapi. Afande aliuliza maswali mengi, akaandika namba ya gari, akatupa kijana mmoja wa pale awe nasi. Kijana yule alitusaidia kuliko tulivyotegemea, ndiye aliyekuwa anajua ng'ombe wanapelekwa wapi kunywa saa ngapi, kwa hiyo mto tulioutumia tuliuacha kuanzia saa tano, mifugo ikapita, tukarudi alasiri. Kidepo hatukwenda, ile ni hifadhi, mchanga wake ni mzuri lakini si pa kuchezea.

Mito ya kule kiangazi ni mchanga mtupu, mweupe, upana wa mita 30 au 40, kingo zimesimama. Tuliingia na psi 20 tukazama ndani ya mita 15. Nikafanya kosa la kila mgeni, nikakanyaga mafuta, magurudumu yakachimba mpaka ekseli ikalala. Mzee akaniambia zima, shuka, lala chini uangalie. Nikalala. Difu ya nyuma ilikuwa imekaa kwenye mchanga kama kuku juu ya mayai, hapo hata ungekuwa na injini mbili huendi. Tukachimba mbele ya kila gurudumu, tukaweka jeki juu ya kipande cha ubao maana bila ubao jeki inazama yenyewe, tukasukumia bao za chuma chini, tukashusha upepo hadi 16, likatoka kwa gia ya pili low bila kelele. Mara ya kwanza ilituchukua dakika 50. Siku ya tatu tulikuwa tunafanya kwa dakika 11 na kila mtu anajua sehemu yake, dada anashika koleo kushoto, mimi kulia, hakuna anayeuliza.

Shokapu ndo zilinitisha. Baada ya dakika 25 za njia ya mawimbi kati ya Moroto na Kotido gari lilianza kurukaruka kama mtumbwi, nikasimama nikagusa shokapu ya nyuma, kiganja hakikai hata sekunde moja. Mafuta ya ndani yakipata moto hivyo yanatoa povu, na povu halizuii kitu, springi inabaki peke yake. Shokapu za kwetu ni za kawaida za dukani, ndogo. Tunahitaji zenye kopo la pembeni la kuongezea mafuta, au mbili kila gurudumu.

Na sasa jambo kubwa. Vumbi. Kule kuna vumbi laini kama unga wa muhogo, Wafaransa wa Dakar wanaliita fesh-fesh, hata Safari Rally pale Naivasha madereva wa dunia wanalilalamikia. Linaingia kila mahali. Jioni ya siku ya pili fundi alifungua eya klina, filta nje ilikuwa nyekundu, sawa, ndo kazi yake. Halafu akatoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, akaingiza kidole akazungusha ndani. Kilitoka na vumbi.

Wale mnaojua mnaelewa. Vumbi upande ule maana yake limeshapita filta, linaingia kwenye silinda, linachanganyika na mafuta linakuwa msasa, na injini iliyokula vumbi kwa siku moja inaweza kuanza kula oili ndani ya wiki chache. Tulitafuta usiku kwa tochi mpaka saa nne. Snokeli, lile bomba la nje la kuvutia hewa ya injini kutoka juu, yenyewe ilikuwa nzima, kumbe pale inapoungana na boksi la filta ndani ya bodi mpira umekauka una ufa wa upande wa chini ambao huuoni mpaka uukunje. Ufa wa urefu wa ukucha. Fundi alikaa kimya muda mrefu, alikuwa ndiye aliyeufunga. Tukaufunga kwa mpira wa tyubu na klipu mbili, tukapaka grisi kwenye ukingo wa filta, kesho yake tukatembea kilomita 60 pole pole tukarudia kidole. Safi.

Pia rejeta. Joto lilikuwa linapanda mchana na tukafikiri ni pampu, kumbe ni mbegu za nyasi, zile zenye manyoya, zimejaa kati ya mapezi ya rejeta kama blanketi. Tulimwagia maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, usimwage kutoka mbele utazisukuma ndani zaidi. Likashuka palepale. Tunaweka wavu mbele.

Dada_Ramani

Mimi ndo wa kushoto. Niongeze upande wangu maana dereva kaandika ya chini ya boneti tu.

Kwenye hizi mbio hupewi laini ya kufuata kwenye simu. Unapewa kitabu cha njia, kila mstari una kilomita, kamchoro ka njia panda, na nyuzi za dira. Hatari zinaandikwa kwa alama za mshangao, moja, mbili, tatu. Tatu maana yake usipopunguza unaweza usitoke. Mimi kazi ya ardhi imenizoesha nyuzi na umbali, kilichonishinda Karamoja ni kusoma huku kichwa kinagonga, na kusema mapema. Siku ya kwanza nilikuwa nasema "shimo" tukiwa tumeshafika kwenye shimo. Tukakubaliana nasema kilomita, kitu, upande, kiasi cha hatari, kwa mpangilio huo huo kila mara, "14 nukta 3, korongo, kulia, mbili", naye anarudia "mbili". Asiporudia najua hajasikia nasema tena. Na mita ya kilomita ya gari inadanganya ukishusha upepo, tairi linakuwa fupi, nilipima tulikosea karibu mita 300 kwa kilomita 10, sasa narekebisha kila tukibadilisha psi.

Kila anayetaka kukaa kiti hiki asome kilichompata Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza, kwenye Paris–Dakar ya 1982. Alikuwa na dereva mwenza Anne-Charlotte Verney na fundi mmoja, Peugeot 504, ikavunjika ekseli jangwani Algeria. Walikaa siku sita mpaka ndege ya jeshi la Algeria ikawaona, na walikuwa mbali na njia. Walipona wote na walikuwa hawajaliacha gari. Gari linaonekana kutoka juu, mtu anayetembea haonekani. Hata mwanzilishi wa Dakar mwenyewe, Thierry Sabine, wazo lake lilianzia alipopotea na pikipiki jangwani Libya 1977.

Kwa hiyo sheria yangu na hii nimeiandika kwenye dashibodi kwa rangi: lita 5 za maji kwa kila mtu ambazo haziguswi, haziongezwi kwenye rejeta hata gari likichemka. Maji ya rejeta ni mtungi mwingine wa rangi nyingine. Mzee ndo anashika hesabu.

Mkaka_wa_Marsabit

Dada hapo kwenye maji umenena. Mikanda na viti mmefikia wapi?

Vumbi_la_Moroto

Mikanda tuliletewa ya mitumba bei nzuri sana, ya pointi tano, haina hata mkwaruzo. Dada akageuza lebo akasoma mwaka, muda wake ulikuwa umepita kitambo. Tumeirudisha. Ni kama viti vile vya kiwango cha FIA 8855-1999, vina miaka mitano toka vitengenezwe, nyuzi na plastiki vinachoka hata vikiwa havijakaliwa. Tutanunua mipya miwili, ile ya watu tu, mapambo yote tumeyafuta kwenye orodha. Taa za juu tumefuta. Stika tumefuta.

Vumbi_la_Moroto

Miezi minne imepita, samahanini kwa ukimya, bomba lilichelewa mpakani.

Lilifika Jumanne. Kijana wa Katwe kabla hajakata hata inchi alipima kila moja kwa vernia, 45 kwa 2.5, akaingiza kidole ndani, akaniita na mimi niingize. Laini kama chupa. Sakafu tumekata kutu yote tukaweka bati jipya, mabamba ya miguu tumeyapitisha mpaka kwenye chesisi, bolti zimefungwa kwa spana ya kupima nguvu na kila moja ina alama ya rangi nyeupe tuone ikijigeuza. Amechomelea siku sita. Viungo viwili hakuviridhia, hakuna aliyemwambia, alivikata mwenyewe usiku akavirudia.

Shokapu za kopo tumepata mbili za nyuma, za mbele bado. Mpira wa snokeli ni mpya. Mwenzetu wa pikipiki tumemchangia, hajafika bei ile lakini anatembea.

Juzi tumeitoa mara ya kwanza, nje ya mji tu, kilomita 40 za murram na mashimo. Dada alifunga mkanda akautikisa mara mbili, akasema "sifuri", nikarudia "sifuri", tukaondoka. Keji haikutoa mlio hata mmoja. Tuliporudi bandani fundi hakungoja injini ipoe, akafungua klipu, akatoa mpira, akaingiza kidole akazungusha, akakitoa akakisogeza kwenye taa, akatuonyesha sote mmoja mmoja.

Safi. Wiki ijayo ni Moroto, halafu Chalbi. @Mkaka_wa_Marsabit naomba namba ya mtu wa Kalacha, nitakuandikia pembeni.